Stevenson ni nani? Jina la mtoto na mpaka wa Tunduma

Wiki tatu zilizopita simu yangu iliita saa tano usiku. Alikuwa shemeji yangu wa Tunduma, mume wa dada yangu. Yeye ni dereva wa malori, mtu wa safari za Mpika, Kapiri Mposhi na Ndola. Mtu wa aina hiyo akikupigia saa hizo lazima moyo ushtuke. Lakini habari zilikuwa njema: dada kajifungua mtoto wa kiume, mama na mtoto wote wazima. Baada ya hongera na vicheko, akaingia kwenye jambo lililomfanya apige.

"Shem, wewe si mwandishi? Hebu niambie, Stevenson maana yake nini?"

Nikamwambia ni jina la Waingereza. Akasema hilo analijua, hakupiga simu usiku huo aambiwe hilo. Tatizo ni mama yake mzazi. Mama anataka mjukuu aitwe jina la marehemu babu yake. Baba mtu anataka Stevenson. Mama kauliza swali moja tu: "Hilo jina maana yake nini?" Na mwanawe kakosa jibu. Basi kazi ikaangukia kwangu mimi mjomba mtu, kwa sababu eti ndiye ninayesoma vitabu.

Nilimwahidi jibu baada ya siku mbili. Limenichukua wiki tatu na safari ya basi mpaka Tunduma. Ndugu zangu, nilikwenda kutafuta maana ya jina la mtoto, nikakuta kwamba jina hilohilo ndilo lililosaidia kuchora mpaka ambao shemeji yangu anapanga foleni kuuvuka kila mwezi. Nikaona si haki kubaki nayo peke yangu.

Tuanze na maana ya moja kwa moja. Stevenson ni maneno mawili yaliyoungana: Steven na "son", yaani mwana wa Steven. Steven naye ni yuleyule Stefano wa Matendo ya Mitume, aliyepigwa mawe mpaka akafa, anayehesabiwa kuwa shahidi wa kwanza wa Ukristo. Jina lake ni la Kigiriki na maana yake ni taji, lile shada la majani alilovikwa mshindi wa mashindano. Kwa hiyo Stevenson ni mwana wa mwenye taji.

Utaratibu wa kumwita mtu "mwana wa fulani" si mgeni kwetu hata kidogo. Waarabu wana "bin". Wanyakyusa wana "Mwa", ndiyo maana mna akina Mwaipopo na Mwakyusa. Huko Songwe, kwa Wanyamwanga, jina la ukoo linakwambia hata jinsia: mwanamume ni Simbeye au Simfukwe, dada yake ni Nambeye au Namfukwe. Wazungu wa Uingereza walianza hivyohivyo. Mtoto wa John aliitwa Johnson, wa Jack akaitwa Jackson, wa Will akaitwa Wilson. Baadaye majina yakaganda, yakawa ya ukoo, na leo Johnson anaweza kuwa mtoto wa Peter na asishangae mtu.

Sisi tukayachukua majina hayo ya ukoo tukayafanya ya kwanza. Tembea darasa lolote la nyanda za juu kusini, utakuta Jackson, Wilson, Nelson na Edson wamekaa dawati moja. Huko yalikotoka ni kama kumbatiza mtoto "Mwaipopo" halafu ukaongeza ukoo mwingine mbele. Sisemi ni kosa. Jina ni la anayelitumia. Nasema tu kwamba tumelipa kazi ambayo halikutumwa kuifanya.

Sasa, nani hasa ni Stevenson? Msomaji wa vitabu atanitajia Robert Louis Stevenson, Mskoti mwandishi wa kile kitabu cha maharamia ambacho Frederick Johnson alikitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Mtu wa reli atanitajia George Stephenson, yule wa injini za mvuke, ambaye jina lake huandikwa kwa "ph". Njia yake ya Stockton na Darlington ilifunguliwa mwaka 1825, na upana wa reli zake, milimita 1,435, ndio upana wa hiyo SGR yetu iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024.

Lakini kwa mtu wa Tunduma, Stevenson wa kumjua ni wa tatu, na huyu hayumo kwenye vitabu vya shule nilivyosoma mimi. Anaitwa James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow huko Scotland.

Turudi nyuma kidogo. David Livingstone alifariki mwaka 1873. Waskoti wakaamua kuendeleza kazi yake, na mwaka 1875 wakaanzisha misheni ya Livingstonia kwenye Ziwa Nyasa. Mwaka 1878 wakaunda kampuni ya biashara iende sambamba na misheni hiyo, ikiongozwa huku Afrika na ndugu wawili, John na Frederick Moir. Baadaye ikajulikana kama African Lakes Company. Mawazo yao yalikuwa kwamba biashara halali ingeua biashara ya watumwa. James Stevenson alikuwa miongoni mwa vigogo wa kampuni hiyo.

Wakati huohuo wamisionari wa London Missionary Society walikuwa Ziwa Tanganyika, na njia yao ya kutoka pwani kupitia Tabora ilikuwa ndefu na ya gharama. Ukitazama ramani utaona ujanja uliopo: kutoka mdomo wa Zambezi unaweza kupanda sehemu kubwa ya njia kwa maji, Zambezi, kisha mto Shire, kisha Ziwa Nyasa mpaka Karonga. Nchi kavu kubwa inayobaki ni ile ya kati ya maziwa mawili, maili 210 hivi, yaani kama kilometa 340. Stevenson akatoa pauni elfu kadhaa ili ijengwe barabara kuunganisha maziwa hayo. Kazi ikaanza mwaka 1881. Barabara ikaitwa kwa jina la mtoa hela: Stevenson Road.

Msije mkadhani ilikuwa barabara ya maana. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883. Kipande kilichochongwa vizuri kilikuwa cha upande wa Karonga, pale inapopanda milima. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa njia ya miguu ambayo watu wa huko walikuwa wakiipita kabla Glasgow haijaisikia. Ilipita kusini kidogo mwa hapa ilipo Tunduma leo, ikaendelea kuelekea ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika.

Hata hivyo ilibeba mzigo mmoja wa kustaajabisha. Meli ya wamisionari iliyoitwa Good News, yaani Habari Njema, ililetwa kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande. Vipande hivyo vikapanda mito, vikavuka Ziwa Nyasa, kisha vikapitishwa njia hiyo juu ya mabega na vichwa vya watu mpaka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 meli ikaingizwa majini. Hebu fikiria chuma cha meli kinavuka milima kati ya Karonga na Mbala bila gurudumu.

Halafu ikaja vita. Karibu na Karonga alikuwapo mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa aliyeitwa Mlozi. Kuanzia 1887 yeye na kampuni ya Waskoti wakapigana kwa vipindi. Mwaka 1888 Frederick Lugard, yuleyule ambaye baadaye tunamkuta Uganda na Nigeria, aliongoza mashambulizi dhidi ya ngome yake na akajeruhiwa. Mlozi hakushindwa mpaka Desemba 1895, Harry Johnston alipomkamata na kumnyonga. Ugomvi huo ndio ulioifanya njia ya kati ya maziwa ijulikane kwenye magazeti ya Uingereza.

Sasa fika kwenye mwaka 1890. Wajerumani wana pwani ya Tanganyika na wanataka bara. Waingereza wako Nyasa. Wanakaa Berlin kugawana. Tarehe 1 Julai 1890 wanasaini ule mkataba tunaofundishwa shuleni kwa habari ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Tunachosahau kufundishana ni kwamba ndani ya karatasi ileile kulikuwa na mpaka wa kusini magharibi mwa nchi yetu, na kwamba moja ya mambo ambayo Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, aliyang'ang'ania ni hiyo Stevenson Road ibaki upande wake. Barabara ambayo haijamalizika!

Ndiyo maana mpaka umekaa ulivyokaa. Unaanzia mdomo wa mto Songwe kwenye Ziwa Nyasa, unaupanda mto mpaka longitudo ya 33. Kutoka hapo unashika mgongo wa ardhi unaogawa maji ya bonde la Kongo, unaufuata mpaka longitudo ya 32, kisha unanyooka kwenda mto Kalambo na kushuka nao hadi Ziwa Tanganyika. Tunduma iko kwenye kile kipande cha mgongo. Mvua ikinyesha upande wa Tanzania, maji yanaelekea Ziwa Rukwa na hayatoki tena. Ikinyesha upande wa Zambia, yanaingia Chambeshi, yanapitia Bangweulu, yanaungana na mto Kongo, yanamalizikia bahari ya Atlantiki. Mwaka 1898 tume ya Waingereza na Wajerumani ikapita kuweka alama ardhini, na mwaka 1901 makubaliano yakasainiwa.

Wanyamwanga hawakuwa Berlin. Walikuwa majumbani mwao, pande zote za mstari. Wapo mpaka leo, Tunduma na Nakonde, wanaongea lugha moja, wanaoana na kuzikana. Ila mmoja ana noti za shilingi na mwenzake ana kwacha.

Waingereza wakapanga vituo kando ya njia yao kama vigingi vya zizi, kila kimoja kwa jina la bwana mkubwa. Fort Hill kwa jina la ofisa wa wizara ya mambo ya nje. Fife na Abercorn kwa majina ya makabaila wawili wa ile kampuni ya Cecil Rhodes. Wajerumani nao upande wao wakaweka Bismarckburg kwenye Ziwa Tanganyika na Neu-Langenburg milimani. Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alivuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, akaishambulia Fife, akafika Kasama, na tarehe 25 mwezi huo akaweka silaha chini Abercorn. Vita vya wakubwa wa Ulaya vilimalizikia kwenye njia ya Stevenson, mizigo ikiwa bado vichwani mwa wapagazi.

Yako wapi majina hayo leo? Fort Hill ni Chitipa, Malawi. Abercorn ni Mbala, Zambia. Bismarckburg ni Kasanga na Neu-Langenburg ni Tukuyu. Watawala walipoondoka, majina yao yakabebwa nao kama fanicha za ofisini. Mimi nimezunguka Tunduma siku nne, sikuona kibao chenye neno Stevenson. Lakini mstari upo. Bikoni zipo. Jina limefutika, kazi yake imebaki.

Kuna kitu kingine kilinifurahisha katika kusoma huku. Waingereza walipoita kitu, walimtukuza aliyelipa. Wenyeji walipoita, walitazama. John Moir alivaa miwani, na watu wa Blantyre wakamwita Mandala kwa sababu ya vioo vinavyometa kama maji yaliyotulia. Kampuni nzima yenye jina refu la Kiingereza ikaishia kuitwa Mandala, na nyumba yao ya mwaka 1882 inaitwa Mandala mpaka leo. Yule mwandishi Stevenson naye alipohamia Samoa, wenyeji walimpa jina Tusitala, msimulia hadithi. Hawakuhangaika na baba yake alikuwa nani. Walimwita kwa anachofanya.

Na sisi tulipopata nafasi ya kuita? Mwaka 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake Rhodesia na Zambia ikabanwa kusini. Mizigo ikageuzwa kuja Dar es Salaam, kwa barabara mbaya kiasi kwamba madereva wake wakaiita, kwa Kiingereza, Mbio za Jehanamu. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta, likaitwa TAZAMA. Barabara ikaboreshwa, ikaitwa TANZAM. Wachina wakaja, wakajenga reli ya kilometa 1,860 kuanzia 1970. Mwaka 1973 ikafika Tunduma na kuvuka, na ikakabidhiwa rasmi 1976: TAZARA, au kama wazee wanavyoiita, Reli ya Uhuru. Angalia hayo majina. Hakuna aliyeiita Reli ya Mao, wala ya Nyerere, wala ya Kaunda. Waliandika majina ya nchi mbili. Sijui kama walilifikiria sana, lakini mimi naliona ni jambo kubwa.

Basi nikiwa na haya yote kwenye daftari, nikafika kwa shemeji. Tulimkuta mama yake amekaa mkekani barazani na mjukuu mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetuletea maana ya jina?"

Nikamweleza: Stefano, taji, Glasgow, barabara, meli iliyobebwa vipande, Berlin, bikoni. Alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akauliza:

"Na waliobeba hiyo meli waliitwa nani?"

Jamani, nimefanya mahojiano na mawaziri lakini sijawahi kuulizwa swali likanikalisha hivyo. Kwenye vitabu nilivyosoma, Stevenson ana jina, Stewart ana jina, meli yenyewe ina jina. Wapagazi wanahesabiwa kwa mizigo. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akasema:

"Kwa hiyo mnataka mjukuu wangu abebe jina la mwenye hela."

Nikamtazama shemeji. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kitu ambacho hata dada yangu alikuwa hajakisikia. Miaka miwili nyuma lori lake lilikata springi kabla ya kufika Mpika, usiku, na shaba ndani. Utingo wake alikuwa mgonjwa. Malori yakapita moja baada ya jingine, mpaka akasimama dereva mmoja wa Kizambia. Huyo mtu alilala naye porini siku mbili akilinda mzigo usio wake, akampeleka utingo hospitali, akatafuta spea mjini, hakutaka hata kwacha moja. Alipoagwa akataja jina lake la kwanza tu: Stevenson.

Mama akanyamaza. Halafu akasema, "Sasa kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo? Huyo sasa namjua."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilidhani maana ya jina iko Ugiriki, au Glasgow, au kwenye mkataba wa 1890. Huko kuna asili yake na kuna madhambi yake, na ni vizuri tukayajua, hasa sisi tunaovuka mipaka bila kuuliza nani aliiweka. Tusipojua tutaendelea kuona Tunduma na Nakonde kama vitu vilivyoumbwa na Mungu siku ya saba. Lakini pale barazani swali la mama lilikuwa dogo na zito zaidi: ukilitamka hili jina, unamkumbuka nani?

Mwaka 2019 Magufuli na Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha hapo mpakani, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ni hatua nzuri. Ila nadhani yule Mzambia wa porini aliuvuka mpaka kwa namna ambayo hakuna kituo kinachoweza kuijenga. Na aliuvuka akiwa na jina lilelile ambalo Salisbury alilitumia kuuchora.

Mtoto? Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa Stevenson. Nyumbani bibi anamwita jina la babu yake, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu ni la kwao. Ukoo wake unaanza na Si, kama inavyotakiwa. Anaitika yote, kwa maana ya kwamba analia ukiita lolote.

Na wewe unayesoma, hasa akina Jackson, Wilson na Nelson wenzetu: waulize wazazi wako walikuwa wanamkumbuka nani siku ile walipokupa jina. Waulize wangali hai. Kamusi itakueleza asili ya neno, ila huyo aliyekumbukwa hayumo kwenye kamusi.